Lundo la Nafaka na Daftari la Hisabati

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Maneno haya niliyasema kwanza katika darsa baada ya swala ya Magharibi, kwenye musalla wetu hapa Kampala, kisha ndugu wa jarida wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha katika Kiswahili kama nilivyoyasema, kwa sababu safu zetu zina watu wa Mbale na Arua, lakini zina pia watu wa Goma, Bujumbura, Kigali, Mwanza na Mombasa, na lugha inayotukutanisha sote baada ya salamu ni hii.

Mada yangu ni somo la milinganyo tofautishi. Najua wapo watakaotaka kufunua ukurasa wa mbele. Subirini kidogo. Katika darsa zetu tumezungumzia mavazi, ndoa, muziki na mwezi wa Ramadhani, na yote hayo yana nafasi yake. Lakini mwanafunzi wa uhandisi au fizikia anayeswali nasi hapa, saa zake nyingi za mchana na usiku hazipiti katika ndoa wala muziki. Zinapita mbele ya daftari la hisabati. Ikiwa dini yetu haina la kumwambia pale alipo, basi tunamwachia saa hizo zote aziishi bila mwongozo.

Kwa wasiolisoma, nieleze kwa ufupi. Mlinganyo wa kawaida wa shule unakuuliza namba isiyojulikana ni ngapi. Mlinganyo tofautishi hukueleza jinsi kitu kinavyobadilika, kisha unakuuliza kitu chenyewe kitakuwaje kesho na keshokutwa. Chukua kikombe cha chai. Chai ina nyuzi 85, chumba kina nyuzi 25. Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kwamba kasi ya chai kupoa inalingana na tofauti iliyopo kati ya chai na chumba. Tofauti sasa ni 60. Ikiwa baada ya dakika 10 imebaki nusu, yaani 30, chai ina nyuzi 55. Dakika 10 nyingine, tofauti inakuwa 15 na chai ina nyuzi 40. Asiyejua somo hili atasema chai ilipoteza nyuzi 30 katika dakika 10 za kwanza, basi itapoteza 30 nyingine kila dakika 10. Kwa hesabu yake, baada ya nusu saa chai itakuwa na nyuzi 5 chini ya sifuri, ndani ya chumba chenye joto la Kampala! Tunacheka, lakini hesabu ya namna hiyo ikifanywa juu ya dawa hakuna wa kucheka.

Fikirini dawa ambayo nusu yake hutoka mwilini kila baada ya saa 4. Mgonjwa anapewa miligramu 100 kila saa 4. Mara tu baada ya kumeza kipimo cha kwanza ana 100, baada ya cha pili ana 150, baada ya cha tatu 175, na kiasi hicho kinaendelea kupanda polepole kikikaribia 200 bila kuivuka. Sasa mtu aliye na haraka aagize apewe 100 ile ile kila baada ya saa 2. Kiasi hakitaishia 200 tena, kitapanda kikielekea karibu 341. Kama mwili wa mgonjwa huyo unaweza kuvumilia 250, utaratibu wa kwanza unamtibu na wa pili unamuumiza. Anayeandika saa za dawa ni ndugu yetu wa kitivo cha famasia, ambaye leo analalamika kwamba hajui hisabati hii itamsaidia nini.

Au njooni ziwani, maana liko karibu nasi. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Maji yanaingia kwa mvua na kwa mito kama Kagera, na yanatoka kwa mvuke na kwa mto Nile pale Jinja. Kasi ya ziwa kupanda au kushuka ni yanayoingia kutoa yanayotoka, na huo tayari ni mlinganyo tofautishi. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kiasi cha maji ya kuachiliwa kilipangwa kifuate kimo cha ziwa, kama mto ulivyokuwa ukifanya wenyewe kabla ya bwawa. Sentimita 1 ya ziwa hilo ni mita za ujazo milioni 688. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufika kiwango cha mafuriko ya mwaka 1964, na watu wa mwambao, hapa kwetu na Kenya, wakahama nyumba zao. Mtu anayekaa kwenye meza ya kuamua maji mangapi yaachiliwe, ameshika nyumba za watu wa juu na mashamba ya watu wa chini. Na mtu huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kazi za semesta za kukabidhi siku ya Ijumaa.

Kabla sijafika ninapokwenda, niseme neno moja kuhusu kujisifu. Kila nikitaja hisabati katika musalla, husimama ndugu mmoja akasema kwamba yote haya yametoka kwetu. Hapana. Tuliyoyatoa ni makubwa na hayahitaji kuongezewa uongo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi, kwa sababu watu walikuwa wakigombana juu ya mafungu yao. Umar Khayyam alitatua milinganyo ya daraja la tatu kwa kukutanisha mikunjo ya jiometri. Lakini kalkulasi tunayoisoma leo iliwekwa na Newton na Leibniz huko Ulaya katika karne ya 17, na milinganyo tofautishi ikakua mikononi mwa watu kama Euler. Wala Qur'ani haikushuka kutufundisha kutenganisha vigeu. Inatuambia jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu, inatuhimiza tutazame, kisha inatuachia kazi ya kukaa chini na kuhesabu. Kinachonipendeza kwa al-Khwarizmi ni kwamba hakuishia kuandika kanuni. Alichora maumbo ya mraba ili msomaji aone kwa macho yake kwa nini jibu ni lile. Alikuwa mtu wa kuonyesha njia.

Na sasa nimefika.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, ambayo imo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula. Akaingiza mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Yule mtu akasema, mvua ilikinyeshea, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile chenye maji juu ili watu wakione, kisha akasema kwamba anayedanganya hayuko pamoja naye.

Tazameni vizuri kosa la yule muuzaji. Mvua si yeye aliyeinyesha. Nafaka kuloa haikuwa dhambi. Na kama angeiweka juu, angeuza kwa bei ya chini na kurudi nyumbani akiwa salama. Kilichomtoa katika njia ya Mtume ni kwamba juu palikuwa pakavu na ndani palikuwa pabichi.

Mnajua ninakoelekea. Kazi za semesta za somo hili zinatolewa Jumatatu. Jumatano usiku mtu mmoja anazimaliza. Alhamisi picha za kurasa zake zinaingia katika kundi la WhatsApp, na Ijumaa mhadhiri anapokea makaratasi themanini yenye jibu moja, hatua zile zile, na wakati mwingine kosa lile lile la alama ya kutoa katika mstari wa nne, likiwa limenakiliwa themanini! Juu pakavu. Mhadhiri akiingiza mkono kidogo tu, akiuliza kwa nini hapa ulizidisha pande zote mbili kwa kipeo hiki, vidole vinaloa.

Na miongoni mwa hao themanini tumo sisi tunaopanga safu pamoja. Naam, hata wenye kuadhini.

Nimezisikia hoja zetu, na nitazijibu kwa heshima, kwa sababu wanaozisema ni ndugu zangu na si watu wabaya.

Hoja ya kwanza ni kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusaidiane. Ndugu mmoja alinijia usiku mlangoni akaniambia, "Sheikh, nipe daftari lako, Uislamu ni kusaidiana." Hapa chuoni kila mwenye kanzu ni sheikh, hasa anapokuwa na daftari. Nilimwambia aketi nimwonyeshe. Akasema hana muda wa kuketi, ana muda wa kunakili tu. Aya anayoikusudia imo katika Surat al-Maida, na aya hiyo hiyo, kabla hujavuta pumzi, inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mtu akisoma nusu ya aya anafanya lile lile la muuzaji wa nafaka: anakuonyesha upande mkavu.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini. Kwamba hii ni elimu ya dunia, na mhadhiri mwenyewe wala si Muislamu, kwa hiyo udanganyifu humu hauna uzito. Ndugu zangu, usiku Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka kuhamia Madina, nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu wa Makka. Watu hao walikuwa mushirikina, na wakubwa wao ndio waliopanga kumuua. Alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) nyuma, katika hatari, ili arudishe amana hizo kwa wenyewe. Kama palikuwa na mtu mwenye kisingizio cha kuondoka na mali ya watu wasiokuwa wa dini yake, ni yeye usiku ule. Sisi tuna mhadhiri ambaye hajatufanyia ubaya zaidi ya kutupa maswali kumi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza, na sitaijibu haraka. Ni hoja ya dharura. Baba ameuza ng'ombe, au mama anauza vitenge sokoni, karo imelipwa kwa mafungu, na mtu akianguka somo hili atalirudia mwaka ujao kwa malipo mapya ambayo hayapo. Mwingine alitoka shule ya sekondari ambayo mwalimu wa hisabati alionekana mara moja kwa wiki, akafika hapa hajui hata kuunganisha kwa sehemu, na mhadhara wa kwanza ulianzia pale ambapo yeye hajawahi kufika. Huyu si mvivu. Mvua ilimnyeshea.

Lakini dharura katika sheria yetu ina mipaka. Aliyeruhusiwa kula mzoga ni yule anayechelea kufa kwa njaa, naye hula cha kumwokoa tu. Alama za chini si kifo. Na tazama kinachotokea kwa anayenakili: kazi za semesta zinapita, siku ya mtihani anakaa peke yake mbele ya karatasi, na pengo lile lililomleta kwenye kunakili lipo pale pale, limekua kwa majuma kumi na mbili. Bado hajaokolewa. Mwenye shida ndiye kunakili kunamwibia zaidi, kwa sababu mhadhiri anayepokea makaratasi themanini sahihi hudhani darasa limeelewa, na hana sababu ya kurudi nyuma kufundisha.

Yupo ndugu wa mwaka wetu, sitamtaja, ambaye katika kazi ya tatu alikabidhi karatasi yenye maswali matano yaliyofanywa na matano matupu. Chini ya yale matano aliandika kwamba hakujua jinsi ya kuanza. Alipata alama nusu. Kazi iliyofuata hivyo hivyo. Mwisho wa semesta hakufaulu, na sasa anarudia somo hilo pamoja na waliokuwa nyuma yake, na jina lake halitakuwemo katika mahafali yetu. Nimemuuliza kama anajuta. Akaniambia inamuuma kila anapompigia simu baba yake. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwombea. Nalisimulia kwa sababu katika hotuba zetu mkweli hushinda daima kabla ya imamu hajashuka kwenye mimbari, na wasikilizaji, ambao wanaijua dunia, hawatuamini. Mkweli anaweza kupoteza mwaka mzima. Mtume (s.a.w.) alisema, katika hadithi ya Asmaa (r.a.), kwamba mwenye kujionyesha ameshiba kitu ambacho hakupewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Ndugu yule anatembea chuoni na mwaka mmoja pungufu, lakini nguo hizo hana.

Sasa nataka kusema jambo ambalo nimelipata ndani ya somo lenyewe, na ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Katika masomo mengi, ukishaandika jibu unamsubiri mwalimu akuambie kama umepata. Katika milinganyo tofautishi huna haja ya kusubiri. Ukipata jibu, lichukue ulirudishe ndani ya mlinganyo uliopewa. Tafuta kasi ya mabadiliko ya jibu lako, iweke upande wa kushoto, uone kama pande mbili zinalingana. Zikilingana, kisha ukaona kwamba jibu linatimiza na sharti la mwanzo ulilopewa, hata profesa hawezi kukupinga. Zisipolingana, hata darasa zima likikubaliana nawe, umekosea. Kazi hiyo huchukua dakika mbili au tatu. Swali limekuja na mizani yake mfukoni.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akiwausia watu wajihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Sijui somo jingine hapa chuoni linalomzoesha kijana jambo hilo kila siku, mara kumi kwa siku, hata akiwa peke yake chumbani, hakuna anayemwona isipokuwa Mola wake. Unamaliza kurasa mbili ukiwa na furaha, unalirudisha jibu, halikubali. Unaweza kuipindisha hatua moja ili likubali. Unaweza pia kurudi juu, mstari kwa mstari, mpaka ukute mahali ulipoisahau ile C, herufi ndogo inayosahauliwa na kila mtu, ambayo bila hiyo chai yako haijui ilianzia nyuzi ngapi. Anayenakili hupokea jibu na kuitupa mizani. Kosa la mstari wa nne likanakiliwa na watu themanini kwa sababu hakuna hata mmoja aliyelirudisha jibu lake ndani ya mlinganyo.

Katika Surat ar-Rahman, Mwenyezi Mungu anataja mbingu kuinuliwa na mizani kuwekwa, kisha anatukataza kuipunguza mizani hiyo. Muuza nyanya wa Owino anaielewa aya hiyo vizuri, kwa sababu mizani yake ni ya chuma na wateja wanaiona. Yetu ni ya karatasi.

Basi tufanyeje? Yale niliyoyaona yakifaa ni madogo. Anza juma la tatu, usingoje la kumi na mbili. Kabla ya milinganyo yenyewe, tenga jioni nne au tano urudie kuunganisha, kwa sehemu na kwa kubadilisha vigeu, kwa sababu wengi wanaodhani wameshindwa na somo hili wameshindwa na lile lililotangulia. Nenda ofisini kwa mhadhiri saa alizotangaza. Hukaa pale peke yake, wanafunzi wote wakiwa wanamwogopa. Na ukiombwa daftari, usilifiche kwa uchoyo, wala usilitoe likapigwe picha. Mkaribishe ndugu yako, mpe kalamu yeye, wewe kaa mikono mitupu. Akikwama, muulize swali badala ya kumpa mstari. Inachosha, na mara ya kwanza swali moja litawachukua saa nzima. Dada zetu walianza utaratibu huu upande wao kabla yetu, na niseme ukweli, wametupita.

Kaka wanakutana Jumanne na Alhamisi baada ya swala ya Isha, kwenye ubao ulio nyuma ya musalla, karibu na stoo ya mikeka. Aliye mwaka wa kwanza na anataka kuimarisha kuunganisha anakaribishwa, na asiye Muislamu vilevile. Tayari wapo watatu wanaokuja. Juma hili tunaingia milinganyo ya daraja la pili, ile ya springi inayoyumba. Njooni na daftari tupu na chaki, maana zilizopo zimebaki vipande. Ndugu yetu anayerudia somo ndiye atakayeanza ubaoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.